Bakaloria ya Kimataifa (IB) kwa Familia za Lubumbashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wazazi na wanafunzi wa Lubumbashi, wengi wao wakiwa na mtoto aliye katika umanite (miaka minne ya mwisho ya sekondari) na jamaa aliyeko Lusaka, Nairobi au Brussels aliyewaambia kwamba kuna diploma nyingine inayofungua milango. Majibu yameandikwa kwa msomaji anayeijua vizuri diploma ya Serikali lakini ambaye hajawahi kushika karatasi ya mtihani wa IB. Mwenye haraka aanze na swali la lugha na lile la vyuo vikuu, kwa sababu huko ndiko familia nyingi hujikwaa.

IB ni nini hasa, na ilitoka wapi?

Bakaloria ya Kimataifa, ambayo duniani kote hujulikana kwa herufi mbili za IB, ni kazi ya shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa Geneva, nchini Uswisi, mwaka 1968. Walimu wa Shule ya Kimataifa ya mji huo walikuwa wamechoshwa na jambo moja: darasa moja lilikuwa na watoto wa mabalozi na wa watumishi wa mashirika ya kimataifa, na kila mtoto alipaswa kuandaliwa kwa mtihani wa nchi yake. Wakaona afadhali utungwe mtihani mmoja ambao vyuo vikuu vya nchi nyingi vingeukubali. Leo programu za IB zinafundishwa katika shule zaidi ya 5,000 kwenye nchi zaidi ya 150. Programu hizo ni nne, lakini hapa tunazungumzia moja tu, Programu ya Diploma, ambayo huchukua miaka miwili na huwalenga vijana wa miaka 16 hadi 19.

Shirika lenyewe haliendeshi shule. Huandika mitaala, huidhinisha shule zinazotaka kuifundisha, hutunga mitihani na kusimamia usahihishaji wake. Karatasi za mtihani wa mwisho hazisahihishwi na mwalimu wa mtoto bali na wasahihishaji wa nje ya shule wasiomjua yeye wala baba yake, jambo ambalo baadhi ya wazazi wetu hulipenda kuliko mengine yote.

Je, ni kitu kimoja na bac ya Wafaransa?

Hapana. Bac ya Kifaransa ni mtihani wa taifa la Ufaransa, na unasimamiwa na wizara ya elimu ya nchi hiyo hata pale shule inapokuwa Afrika. Kinachoongeza mkanganyiko ni kwamba tangu kikao cha 2024 Ufaransa inatoa pia bac yenye tawi liitwalo la kimataifa, ambalo majina yake yanakaribiana na yale ya IB ingawa ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukisikia mtu akisema "bac international", muulize ni ipi kati ya hizo mbili kabla hujaendelea na mazungumzo.

Mtoto husoma masomo gani?

Katika umanite yetu mtoto huingia seksio moja, iwe latini na falsafa, hisabati na fizikia, kemia na biolojia, ualimu au biashara, na seksio hiyo ndiyo humpangia karibu kila kitu. Katika IB hakuna seksio. Mwanafunzi huchagua masomo sita, moja kutoka kila kundi: lugha na fasihi yake, lugha ya pili, somo la jamii kama historia, uchumi au jiografia, somo la sayansi, hisabati, na sanaa. Kundi la sanaa si la lazima. Anayetaka anaweza kuweka mahali pake sayansi ya pili, somo la pili la jamii au lugha nyingine, na hivyo ndivyo hufanya karibu kila mtoto anayelenga udaktari au uhandisi.

Masomo matatu, au manne kwa anayejiamini, husomwa kwa kiwango cha juu, ambacho hutengewa saa 240 za darasani katika miaka miwili. Yaliyobaki husomwa kwa kiwango cha kawaida, ambacho ni saa 150. Maana yake ni kwamba mpenda fizikia hawezi kuikimbia fasihi, na mpenda fasihi hawezi kuikimbia hisabati. Mwanafunzi aliyetoka seksio ya latini na falsafa, ambaye amezoea kuihesabu kemia kama jambo la watu wengine, hulipata hilo kuwa gumu katika miezi ya kwanza, na ni vizuri ajue mapema.

Juu ya masomo hayo sita kuna kiini cha programu chenye sehemu tatu: Nadharia ya Maarifa, Insha Ndefu, na shughuli za ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, ambazo huitwa kwa kifupi CAS. Asiyekamilisha kiini hapati diploma, hata akiwa wa kwanza darasani katika masomo yote sita.

Nadharia ya Maarifa ni falsafa ile tunayosoma katika umanite?

Zina undugu, lakini hazifanani. Falsafa ya darasani kwetu mara nyingi ni historia ya wanafalsafa: nani alisema nini, na katika karne gani. Nadharia ya Maarifa haimuulizi mtoto Descartes alisema nini. Inamuuliza yeye anajuaje kwamba anachokijua ni kweli, na kama njia ya mwanahistoria ya kujua inafanana na ya mkemia. Hupimwa kwa kazi mbili. Moja ni insha isiyozidi maneno 1,600, ambayo mada yake huchaguliwa kutoka orodha ya sita zinazotolewa na IB kwa kila kikao. Nyingine ni maonyesho, ambayo mwanafunzi huchagua swali moja kati ya 35 yaliyowekwa, kisha huleta vitu vitatu vinavyoshikika au vinavyoonekana na kuvifafanua kwa maneno yasiyozidi 950 kwa jumla.

Maonyesho haya ndiyo sehemu ambayo mtoto wa Lubumbashi anaweza kung'aa, endapo hataiga mifano ya wenzake wa Ulaya. Chukua swali mojawapo katika orodha, linalouliza kama kuna maarifa ambayo ni mali ya jamii fulani tu ya wajuzi. Mwanafunzi anaweza kuleta msalaba wa shaba, ile kruwazeti ambayo leo inauzwa kwa watalii pamoja na vinyago vya malakiti, lakini ambayo karne nyingi kabla ya kampuni za madini ilitumika kama fedha na ilizikwa pamoja na wafu katika bonde la Upemba. Wayeyushaji wa shaba wa Katanga walijua kuchagua udongo, kuni na majira, na ujuzi huo haukutolewa kwa kila mtu. Swali linakuwa hai papo hapo: ujuzi ule ulikuwa wa nani, nani aliurithi, na je, mtaalamu wa metali wa leo anayepima kipande hicho katika maabara anajua jambo lilelile, au anajua jambo jingine kuhusu kitu kilekile? Kinachohitajika ni kitu mahususi, chenye mahali na wakati wake. Picha ya "msalaba wa shaba kwa ujumla" iliyochukuliwa kwenye intaneti haitoshi. Msalaba ulioko sebuleni kwa bibi yake, wenye ncha moja iliyolika, unatosha.

Insha Ndefu ina urefu gani, na mtoto wa miaka 17 ataandika nini?

Isizidi maneno 4,000, na msahihishaji halazimiki kusoma linalozidi hapo. Ni utafiti mdogo wa mwanafunzi mwenyewe, akisimamiwa na mwalimu mmoja ambaye hukutana naye kwa mazungumzo matatu rasmi ya kutafakari kazi ilipofikia. Mwalimu huelekeza, wala haandiki wala hasahihishi sentensi kwa sentensi.

Kosa la kawaida ni mada kubwa. "Uchafuzi wa mazingira Katanga" ni mada ya kitabu, tena cha watu watatu. Mada inayofaa ni ile ambayo mtoto anaweza kuipima kwa mkono wake katika wiki chache: je, kiasi cha shaba katika udongo wa bustani hupungua vipi kadiri mtu anavyosogea mbali na lundo la takataka za kiwanda cha zamani cha kuyeyusha? Au, kwa mwanabiolojia, ni mimea ipi inayoota mahali ambapo mingine inakufa? Ukanda wetu una mimea inayostahimili shaba ambayo wataalamu wa dunia nzima huifuata huku, kama Haumaniastrum katangense inayojulikana kwa jina la ua la shaba, na mtoto anayeishi karibu na mahali ilipo anayo maabara ambayo mwenzake wa Geneva hana. Katika historia, mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière wa Desemba 1941, uliomalizika kwa risasi hapa mjini, unafaa kuliko "ukoloni wa Wabelgiji", mradi swali liwe jembamba na vyanzo viwe vya kweli.

Tuseme wazi: hapa ndipo shule nzuri hutofautiana na shule yenye jina. Uliza shule inayokuvutia ikuonyeshe mada tano za Insha Ndefu za wanafunzi wake wa mwaka uliopita. Zikiwa zote pana kama bahari, huko hakuna usimamizi.

CAS inahesabiwaje?

Zamani zilikuwa saa 150. Sasa saa hazihesabiwi tena. Mwanafunzi anatakiwa ajihusishe kwa muda usiopungua miezi 18, bila kukatiza kwa muda mrefu, afanye angalau mradi mmoja na wenzake unaodumu mwezi mmoja au zaidi, na aandike tafakuri ya alichojifunza. Kufundisha watoto kusoma Jumamosi katika mtaa wa Katuba, kuimba katika kwaya, kucheza mpira wa miguu katika timu ya mtaa: vyote vinakubalika, isipokuwa kazi anayolipwa na ile ambayo ni sehemu ya somo lingine. Haina alama. Ama imekamilika ama haikukamilika.

Alama 45 zinatoka wapi, na ngapi zinatosha?

Kila somo hupewa alama kutoka 1 hadi 7, kwa hiyo masomo sita yanaweza kufikisha 42. Nadharia ya Maarifa na Insha Ndefu hupewa herufi, A hadi E, na mchanganyiko wa herufi hizo mbili huongeza hadi alama 3. Ili kupata diploma mwanafunzi anahitaji alama 24, lakini kuna masharti ambayo wazazi huyasahau: asiwe na alama 1 katika somo lolote, masomo matatu ya kiwango cha juu yafikishe alama 12 na yale ya kiwango cha kawaida yafikishe 9, asipate E katika Nadharia ya Maarifa wala katika Insha Ndefu, na CAS iwe imekamilika. Mtoto anaweza basi kuwa na alama 27 na bado akarudi nyumbani bila diploma.

Katika kikao cha Mei 2024 wastani wa dunia ulikuwa takriban alama 30, na waliopata diploma walikuwa karibu wanane katika kila kumi. Vyuo vikuu vigumu kuingia vinaomba zaidi: Oxford kwa kawaida huomba alama kati ya 38 na 40, pamoja na 6 na 7 katika masomo ya kiwango cha juu.

Mara nyingi mzazi huuliza asilimia 75 ya kwetu ni alama ngapi za huko. Hakuna jedwali la kweli la kubadilisha. Mipaka ya alama za IB hupangwa kila kikao baada ya mitihani kusahihishwa, na katika masomo mengi ya sayansi anayepata 7 hajakaribia hata kidogo asilimia 100.

Inatofautianaje na mtihani wa Serikali?

Tofauti kubwa haiko katika ugumu wa mada. Mwanafunzi mzuri wa hisabati na fizikia kutoka shule imara ya Lubumbashi ameshayaona mengi anayofundishwa mwenzake wa IB, na katika mambo fulani ya hesabu humtangulia. Tofauti iko katika kile anachotakiwa kufanya na anachokijua.

Mtihani wa Serikali, ambao nchi yetu inao tangu 1967 na ambao kila mtu huuita Exetat, una insha ya Kifaransa na mtihani wa mdomo kabla ya kikao cha kawaida, lakini kikao chenyewe kinatawaliwa na maswali ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Mtoto hufundishwa kuwa mwepesi, kukumbuka, na kutambua mtego. Karatasi ya IB, hata pale inapokuwa na sehemu ya kuchagua jibu, humrudisha mtoto kwenye kalamu: eleza, linganisha, tathmini, onyesha hatua. Katika historia hupewa saa kadhaa na maswali machache, na jibu zuri ni kurasa kadhaa zenye hoja, si tarehe zilizopangwa. Aliyezoea kuandikiwa noti ubaoni na kuzikariri hushtuka, si kwa sababu hana akili, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba maoni yake yenye ushahidi.

Jambo la pili ni kwamba sehemu ya alama, ambayo katika masomo mengi ni kati ya asilimia 20 na 30, hutokana na kazi anayoifanya shuleni ndani ya miaka miwili: jaribio la maabara alilolibuni, uchunguzi wa kihisabati, mazungumzo ya mdomo juu ya maandishi aliyosoma. Mwalimu huisahihisha, kisha IB huchukua sampuli na kurekebisha alama ikiwa mwalimu alikuwa mpole au mkali kupita kiasi. Kwa hiyo mtindo wa kulala miezi minane na kuamka mwezi wa tano haufanyi kazi huku.

Mtoto wangu amesoma kwa Kifaransa maisha yake yote. Ataweza?

Mitihani ya Programu ya Diploma hutolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, kwa hiyo Kifaransa si kikwazo kwa upande wa IB. Kikwazo ni shule: nyingi za IB zilizo karibu nasi, upande wa kusini na wa mashariki, hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusoma Zambia atasoma biolojia kwa Kiingereza kuanzia Jumatatu ya kwanza. Mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha kabla ya programu si anasa. Ningeupendekeza hata kwa mtoto anayeongea Kiingereza cha sinema vizuri sana, maana kuongea hakumsaidii kuandika kurasa nne juu ya sababu za vita.

Lakini Kifaransa chake kinaweza kuwa mtaji. Akichukua Kifaransa kama lugha na fasihi yake, na akasoma historia au biolojia kwa Kiingereza, akipata angalau alama 3 katika vyote viwili, na akitimiza masharti mengine ya diploma, hupewa diploma ya lugha mbili. Wenzake wa lugha moja hawana karatasi hiyo.

Na Kiswahili? Kipo. Mwanafunzi anaweza kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo, kwa utaratibu wa kujifundisha mwenyewe chini ya usaidizi wa shule, ingawa utaratibu huo ni wa kiwango cha kawaida tu na unahitaji mtoto mwenye nidhamu. Ieleweke kwamba ni Kiswahili sanifu cha vitabu. Kiswahili chetu cha mtaani Kamalondo kitamsaidia kuelewa, lakini atahitaji kusoma riwaya, tamthilia na mashairi ya pwani kwa bidii, kama mtu anayekutana na binamu wa mbali. Programu ina pia kozi ya Kiswahili kwa wanaoanza kabisa. Hiyo si ya mtoto aliyezaliwa Lubumbashi, na shule haitakiwi kumwandikisha humo ili avune alama za bure.

Kuna hisabati mbili. Achukue ipi?

Tangu 2019 zinafundishwa kozi mbili, kila moja ikiwa na viwango viwili. Moja ni ya uchambuzi na mbinu, ambayo ina aljebra na kalkulasi nyingi, na karatasi yake ya kwanza hufanywa bila kikokotoo. Nyingine ni ya matumizi na ufasiri, ambayo huegemea takwimu na mifano ya maisha, na kikokotoo kinaruhusiwa kote. Anayetaka uhandisi, fizikia au uchumi katika vyuo vikali achukue ile ya uchambuzi kwa kiwango cha juu, na asikubali kushawishiwa kwamba ya pili "ni sawa tu". Zote mbili zinadai kikokotoo cha kuchora grafu, ambacho ni ghali. Kinunuliwe mapema ili mtoto akizoee.

Nitajuaje kama shule ni ya IB kweli?

Neno "internationale" kwenye kibao cha lango halina maana yoyote kisheria, na mjini kwetu vibao hivyo ni vingi. Shule iliyoidhinishwa imo katika orodha ya wazi kwenye tovuti ya IB, ambako unatafuta kwa jina la nchi na la mji na kuona ni programu ipi kati ya nne inayoruhusiwa kutoa. Shule inaweza kuwa na kibali cha programu ya msingi bila kuwa na cha diploma. Ikikuambia kwamba ni "kandideti", maana yake imeomba na bado haijaruhusiwa, na mtoto hawezi kufanyia mitihani hapo hadi kibali kitoke. Pia mtu hawezi kujisajili mwenyewe nyumbani kama mgombea binafsi kama anavyoweza katika Exetat. Lazima apitie shule iliyoidhinishwa.

Shule zipi za eneo letu hutoa Diploma ya IB?

Kwa kutaja chache zinazojulikana: Lusaka kuna International School of Lusaka na American International School of Lusaka, Dar es Salaam kuna International School of Tanganyika, Kigali kuna Green Hills Academy, Nairobi kuna International School of Kenya na Aga Khan Academy, ambayo ina nyingine Mombasa. Kuna pia shule za mtandao wa UWC (United World Colleges), ambazo ni jambo la pekee: UWC East Africa yenye kampasi mbili, Moshi na Arusha, na Waterford Kamhlaba ya Eswatini, iliyofunguliwa mwaka 1963 ili watoto wa rangi zote wasome pamoja wakati jirani yake Afrika Kusini ilikuwa chini ya ubaguzi wa rangi.

Angalia kalenda. Mitihani ya IB hufanyika Mei na Novemba, na shule huchagua kikao kimoja kulingana na mwaka wake wa masomo. Mtoto anayemaliza Exetat katikati ya mwaka anaweza kujikuta akisubiri Januari.

Gharama ikoje, na je, kuna bursa?

Shule nyingi tulizozitaja ni za gharama kubwa kuliko minervali (ada ya shule) ya karibu kila shule ya Lubumbashi, na bweni huongeza. Ada ya mitihani ya IB hulipwa kando, kupitia shule. Uliza kwa maandishi kama imo ndani ya bei uliyotajiwa.

Kwa familia isiyo na mkataba wa kampuni ya madini unaolipia shule, njia ya kweli ni bursa. UWC huchagua wanafunzi kupitia kamati za kitaifa, na msaada wa fedha hutolewa kulingana na uwezo wa familia, kuanzia punguzo dogo hadi gharama yote. Ushindani ni mkali, lakini hawaangalii bulteni (ripoti ya alama za shule) peke yake. Wanataka kujua mtoto hufanya nini asipoamriwa na mtu. Aga Khan Academies nazo zina msaada unaotegemea hali ya familia. Ombi huanza karibu mwaka mmoja kabla. Mtu yeyote anayekuomba pesa ili "akupitishie" bursa ya namna hiyo, mwache aende zake.

Aache umanite ili aingie IB, au amalize kwanza?

Kwa umri, miaka miwili ya IB inalingana na umanite ya tatu na ya nne. Akiondoka baada ya umanite ya pili hapotezi muda, lakini anaondoka bila diploma ya Serikali. Akimaliza kwanza, ana diploma mkononi, ila atakuwa mkubwa kuliko wenzake na baadhi ya shule na bursa zina kikomo cha umri.

Maoni yangu, ambayo si kila mwalimu atayakubali: ikiwa familia ina uhakika wa kulipa miaka yote miwili, au bursa imethibitishwa kwa barua, aende baada ya umanite ya pili. Ikiwa malipo ya mwaka wa pili yanategemea mkataba wa baba ambao haujasainiwa upya, afanye Exetat kwanza. Mtoto aliyekatishwa katikati ya IB hubaki na matokeo ya nusu njia ambayo hayamfungulii mlango wowote hapa nyumbani.

Diploma ya IB inakubalika UNILU? Na Ubelgiji, Afrika Kusini, Canada?

Mwenye diploma ya kigeni anayetaka kusoma nchini Kongo anahitaji ekivalansi, yaani uthibitisho kwamba diploma yake inalingana na ya hapa, itolewayo na mamlaka ya elimu kabla hajaandikishwa kikamilifu. Hilo huchukua muda na hudai nyaraka asilia, kwa hiyo mzazi anayemtarajia mtoto arudi Chuo Kikuu cha Lubumbashi aanze kufuatilia mapema, asingoje Oktoba.

Kwa Ubelgiji ya lugha ya Kifaransa, kiulize chuo mapema kama ekivalansi inadaiwa na tarehe ya mwisho ni ipi. Anayetaka udaktari huko ana mtihani wa kuingia juu yake. Afrika Kusini huitambua diploma kamili kwa ajili ya kujiunga na digrii. Vyuo vingi vya Canada na Marekani huenda mbali zaidi na kumwondolea mwanafunzi baadhi ya kozi za mwaka wa kwanza kwa kila somo la kiwango cha juu alilopata alama 5 au 6 na kuendelea, jambo ambalo hupunguza gharama.

Lakini kabla ya kuuliza kama diploma inakubalika, uliza ni masomo gani yanadaiwa. Vitivo vingi vya udaktari vinataka kemia kwa kiwango cha juu, na vya uhandisi vinataka hisabati na fizikia kwa kiwango hicho. Masomo huchaguliwa katika wiki za kwanza za mwaka wa kwanza, na baada ya muhula mmoja ni vigumu kubadilisha. Kaeni basi chini nyumbani mkiwa na kurasa za vyuo vitatu mbele yenu, muandike masharti ya kila kimoja, halafu ndipo mtoto ajaze fomu ya masomo. Nimeona alama 36 zikikataliwa na kitivo cha udaktari kwa sababu kemia ilikuwa ya kiwango cha kawaida, na hakuna prefe (mkuu wa shule) wala balozi anayeweza kulirekebisha hilo baadaye.

Na akili bandia? Watoto wote wanaitumia.

Mwaka 2023 IB ilitangaza kwamba haitaipiga marufuku, lakini maandishi yaliyotolewa nayo si ya mwanafunzi, na lazima yatajwe kama chanzo kingine chochote. Asiyetaja anahesabiwa kuwa amedanganya, na anaweza kunyimwa alama ya somo hilo, jambo ambalo humkosesha diploma nzima. Ni sheria ileile kwa shemeji mwenye shahada anayejitolea "kusaidia" Insha Ndefu.

Akishindwa, ndiyo basi?

Sivyo. Ana nafasi ya vikao vitatu kwa jumla kuikamilisha diploma, na anaweza kurudia somo moja au mawili tu huku alama zake nyingine zikibaki. Asiyefikia diploma hupewa hati ya matokeo ya masomo aliyoyafanya. Akidhani kwamba amesahihishwa vibaya, shule inaweza kuomba usahihishaji upya kwa malipo, lakini alama inaweza kupanda au kushuka, na kwa hiyo mwanafunzi hutakiwa kukubali kwanza.

Matokeo hutoka lini, na vyuo huyapataje?

Ya kikao cha Mei hutangazwa mwanzoni mwa Julai, na mwanafunzi huyasoma mwenyewe kwenye intaneti kwa namba ya siri anayopewa na shule. Aitunze, na asingoje siku yenyewe kuitafuta. Vyuo vikuu vingi hutaka matokeo yatoke moja kwa moja IB, si nakala iliyopigwa muhuri na mzazi, na ombi la kuyatuma hufanywa na mratibu wa IB wa shule kabla ya mitihani. Diploma ya karatasi hufika shuleni wiki kadhaa baadaye, na aliyesoma nje ya nchi apange kabisa ni nani atakayeichukua.